Utando wa Kumi na Moja

2 Machi
Mhandisi ametugawia madaftari, kila mtu lake, tuandike unyevu na joto la karakana kila asubuhi mpaka mvua zipite. Nimeandika mstari mmoja, nikaona ukurasa wote uliobaki ni mtupu, na mimi ukurasa mtupu siuwezi. Namba zake nitamnakilia kwenye karatasi. Daftari ni langu.
Unyevu sabini na mbili kwa mia. Mvua bado, ila mawingu yameshapanga foleni.

3 Machi
Kwa yeyote atakayeliokota daftari hili siku moja: hapa tunatengeneza nyayo za bandia za watu waliokatwa miguu. Si za mbao wala za mpira. Ni kitambaa cha nyuzi za kaboni kilichokwisha kuloweshwa gundi huko kilikotoka. Kinakuja kwenye roli na kinalala kwenye friza. Mimi nakata vipande, navipanga kwenye kalibu, umbo la unyayo, kimoja juu ya kingine, matabaka ishirini na manne, kisha vinaingia kwenye tanuri. Unatoka unyayo mweusi, mgumu, unaonesa ukikanyagwa.

Kila kipande kina utando wa plastiki mgongoni, mwepesi, unaopitisha mwanga, wa kukinga gundi. Kabla ya kuweka kipande kinachofuata lazima utando uvuliwe. Mimi huuandika namba kwa penseli ya nta, wa kwanza hadi wa ishirini na nne, na nikiuvua nautupa kwenye ndoo. Mwishoni nahesabu ndoo. Zikiwa ishirini na nne, hakuna kilichobaki ndani. Miaka sita sijakosea hesabu hata mara moja, wala sioni haya kulisema.

Kutoka kwenye tanuri unyayo unakwenda kwa dada yangu. Kazi yake ni sarafu. Ana sarafu ya zamani, ile isiyotumika tena dukani, anagonga nayo unyayo mzima, kila upana wa kidole, akisikiliza. Matabaka yakishikana vizuri unalia ting. Kukiwa na kiputo cha hewa ndani, au mahali matabaka hayakushikana, sauti inaziba, kama unagonga tikiti. Mashine ya kukandamizia inavunja unyayo mmoja katika kila kumi, tujue nguvu yake. Hizo tisa zilizobaki zinategemea sikio lake. Karakana nzima inamwita Mama Sikio. Ndiye aliyenileta kazini na ndiye aliyenilea baada ya mama kututoka, kwa hiyo nyumbani naamrishwa na kazini naamrishwa.

5 Machi
Mvua ya kwanza. Themanini na moja. Nyayo mbili.

6 Machi
Nilimwambia Dada asizime jiko, mboga hazijaiva. Akazima. Nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Kesho." Kesho nini? Tumekula mboga mbichi.

9 Machi
Nimekaripiwa mbele za watu. Nilitoa roli kwenye friza nikalifungua baada ya nusu saa. Mhandisi akapitisha kidole juu ya kitambaa, akanionyesha kidole kimelowa.

"Unaona, dada yangu? Limetoa jasho. Jasho hili likiingia kwenye tanuri linageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea unabaki humo humo kama viputo."

"Kiputo kimoja kitamwangusha nani?"

"Kimoja hakimwangushi mtu. Lakini hakiji kimoja."

Ni kijana mdogo kwangu kwa miaka kumi, na anasema "dada yangu" kwa adabu inayoudhi kuliko matusi. Ametupa mita nne za kitambaa nilizofungua. Kuanzia leo roli litalala nje ya friza usiku kucha, ndani ya mfuko lililokuja nao, kabla halijafunguliwa, hata kama wateja wamejaa barabarani.

10 Machi
Amekuja kupimwa nesi wa wodi ya watoto. Alipoteza mguu chini ya goti, ajali ya gari, mwaka juzi. Mnene kiasi, mcheshi kupita kiasi. Wodi yake iko ghorofa ya pili, lifti imekufa tangu zamani, na picha za eksirei zinapigwa chini. Ndiye alikuwa akibeba watoto ngazini, na anataka kurudi kuwabeba.

"Nipeni mguu ambao mtoto akiutapikia nauosha," alisema. Dada alicheka kwa sababu sote tulicheka. Nimelikumbuka hilo sasa nikiandika, sijui kwa nini.

12 Machi
Mvua ya kutisha. Umeme umekatika mara tatu. Unyayo wa Nesi ulikuwa kwenye kalibu. Utando wa kumi na moja ulinichanikia mkononi taa zilipozimika. Zikarudi, nikaendelea. Ndoo: ishirini na nne, sawa. Maji yameingia hadi chini ya meza, tumefagia maji mpaka saa ya kutoka. Nimelowa chepechepe.

13 Machi
Dada amegonga unyayo wa Nesi. "Mzima." Ameupitisha.

17 Machi
Nesi amevaa unyayo wake. Alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akageuka, akarudi bila mkongojo, kisha akamshika Mhandisi mikono akacheza naye. Mhandisi hajui kucheza. Nesi na Dada wakakumbatiana, Nesi akamwambia sikioni maneno marefu. Dada alitabasamu tu, akasema, "Amina." Baadaye nilimuuliza Nesi alisema nini. Alikuwa amemuuliza anaishi wapi, amletee zawadi.

18 Machi
Themanini na nane. Kuta zinatoka jasho kuliko sisi.

20 Machi
Dada ameniuliza kama mvua imeacha. Ilikuwa inapiga mabati mpaka tunaongea kwa kupiga kelele. Nikacheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

24 Machi
Sasa nimechoka. Wiki ya tatu hii Dada ametia nta masikioni. Naongea, anapita. Namwita, haitiki, mpaka nimshike bega, halafu anaruka kana kwamba nimemchoma. Najua ni nini. Ni kile chumba cha mbele. Nilikataa kumwachia mwezi wa kwanza, na ameamua kuninunia mpaka niombe radhi. Siombi. Kama ni kununa, mimi pia nilizaliwa na mama yule yule.

25 Machi
Sikumsemesha. Hakugundua.

29 Machi
Sikumsemesha. Themanini na sita. Nyayo tatu.

2 Aprili
Nisipoandika leo nitajidanganya kesho.

Nesi alirudi saa nne asubuhi. Alikaa kwenye benchi, akavua mguu, akauweka mapajani.

"Jamani, sitaki kuwa mteja msumbufu," alisema, "lakini mguu wenu umeanza kunisemesha. Nikikanyaga ngazini unatoa sauti, kak, kak, kama kiti cha zamani."

Mhandisi alikuwa ametoka. Dada akauchukua unyayo, akatoa sarafu yake, akainama kama anavyoinama siku zote, kichwa kimelala upande. Mimi nilikuwa meza ya pili. Akagonga kidoleni: ting. Ting, ting, akipanda. Alipofika kwenye mkunjo, pale unyayo unapopinda kuelekea kisigino, sauti ikaziba. Tikiti. Akagonga tena hapo hapo, sauti ile ile iliyoziba, na uso wake haukubadilika hata unywele mmoja. Akaendelea hadi mwisho, ting, ting, akampa Nesi unyayo wake.

"Mzima kabisa. Kiatu ndicho kinachosugua. Weka unga wa watoto ndani."

Nesi akashukuru. Akavaa mguu, akaondoka. Nami nilisimama pale na mkasi mkononi, kimya kama maji ya mtungini. Nilijiambia labda nimesikia vibaya. Nilijiambia yeye ana miaka kumi na moja na sarafu ile, mimi nani? Kisha nilijiambia ukweli, kwamba sikutaka kumwaibisha dada yangu mbele ya mtu anayemwamini. Mlango ulipofungwa nilisikia kak ya kwanza kwenye ngazi zetu wenyewe.

3 Aprili
Asubuhi Dada alikuwa jikoni amenipa mgongo. Nikasimama hatua tatu nyuma yake, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Dada, nimeuza kitanda chako."

Akaendelea kukoroga uji.

"Nimekiuza na godoro lake. Na nguo zako nimezigawa."

Akaonja, akaongeza sukari. Nikaanza kulia. Hakujua nalia mpaka alipogeuka.

Hakukana. Tulikaa mezani uso kwa uso, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ananiangalia mdomo, si macho. Ni mwaka na zaidi, alisema, tangu alipochomwa zile sindano za kifua kikuu, zinazoua masikio. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, mlio wa simu, na tangu mvua zianze, sarafu.

"Sarafu nayo?"

"Vidole vinasikia, mdogo wangu. Unyayo mbovu unatetemeka tofauti. Ubovu mkubwa nauhisi."

"Na mdogo?"

Alifuta meza kwa kiganja, kisha akasema, "Ukisema, nimemwaga unga. Nina miaka hamsini na mbili. Nani ataniajiri, na mimi najua kazi moja tu, kusikiliza?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia Nesi atakapoanguka ngazini na mtoto wa watu mikononi, Dada ndiye atakayekwenda kumweleza mama wa mtoto habari za vidole. Nilimwambia mimi kazi yangu huwa naifanya kwa uhakika, ndoo yangu haijawahi kudanganya, na kwamba amewaweka watu wote wa msimu huu hatarini kwa kiburi. Mengine sitayaandika. Aliyasoma yote mdomoni mwangu, neno kwa neno, maana niliyasema polepole ili ayaone.

Na wiki zote zile nilidhani ananinunia kwa ajili ya chumba.

4 Aprili
Nimemwambia Mhandisi kila kitu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Nesi yuko zamu leo?" tukakimbilia hospitali katikati ya mvua, mimi na yeye, na Dada akatufuata bila kuulizwa.

Tulimkuta kwenye ngazi. Alikuwa ngazi ya juu kabisa, ghorofa ya pili, mtoto wa miaka kama minne begani mwake, mguu wa kaboni umeshatangulia kushuka. Nikapiga kelele, "Simama! Usikanyage!" Watu wote kwenye korido walisimama. Nesi naye alisimama, mguu hewani, akashika reli.

Mhandisi alipanda akampokea mtoto. Nilimsaidia Nesi kukaa pale pale kwenye ngazi, nikamvua mguu kwa mikono yangu. Nikimvua nilimweleza kwamba unyayo una ubovu na kwamba Dada hakuusikia. Akamgeukia Dada.

"Mama, ulinikumbatia," alisema.

Dada alikuwa ameuona mdomo wake. Alisema, "Nilikukumbatia. Nisamehe." Nesi alibebwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya wagonjwa wake, naye ndiye huwabeba.

5 Aprili
Tumeuvunja.

Kabla hatujaanza Mhandisi aliniomba daftari hili. Nilidhani atalisoma, lakini hakulifungua. Alilikunja tu kama upinde. "Ona kurasa zinavyoteleza, moja juu ya nyingine. Ndiyo maana linakunjika. Kurasa hizi zingegundishwa zote, ungelikanyaga lisikunjike. Unyayo ni daftari lililogundishwa. Kila mtu akikanyaga, matabaka yanataka kuteleza, na yanataka zaidi katikati kuliko kwingine. Gundi ndiyo inayoyakataza. Nyuzi zote zinaweza kuwa nzima, asilimia mia, na unyayo ukafa kwa sababu ya pengo moja la katikati."

Akafunga unyayo wa Nesi kwenye mashine. Mzuri unavuka kilo mia nne. Mhandisi alikuwa anasoma kipimo cha mashine kwa sauti, mimi naandika, Dada amesimama karibu kabisa na unyayo. Mia moja. Mia na hamsini. Kwenye mia na tisini ukapasuka kwa mlio uliomfanya hata Dada aruke. Haukukatika. Ulifunguka kwenye mkunjo, kama mdomo, matabaka kumi na moja huku, kumi na matatu kule.

Mhandisi akainama kuzima mashine. Dada ndiye aliyeutazama ule mdomo kwanza. Nilimwona akiingiza vidole, akachomoa kitu, akafumba ngumi. Ilikuwa haraka, lakini mimi nilikuwa upande wake. Kati ya vidole kilitokeza kipande cha plastiki inayopitisha mwanga, na juu yake, kwa penseli ya nta, kwa mwandiko wangu, namba kumi na moja.

Huu ndio utando uliochanika gizani. Nilivua nusu. Nusu nyingine ilibaki ndani, na vipande kwenye ndoo vikatimia ishirini na nne, kwa sababu nusu ya utando nayo ni kipande. Nilihesabu ndoo. Sikuzisoma namba.

"Dada," nilisema, "fungua mkono."

Akatazama dirishani.

"Dada. Fungua mkono."

Mhandisi akainuka. "Kuna nini?"

"Viputo," alisema Dada, bado anatazama dirishani. "Viputo tu. Mimi ndiye niliyeupitisha."

Jana nilimshtaki. Juzi nilimwambia ana kiburi, polepole, ili asikose hata neno. Na leo alikuwa tayari kumeza kosa langu juu ya lake, akijifanya hasikii, huku mimi najua kwamba safari hii alinisikia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikia. Nilizunguka nikasimama mbele yake, nikamshika ngumi, nikaifungua kidole kimoja kimoja. Alikaza. Ana mikono ya nguvu. Nilipofika kidole cha mwisho aliniachia.

Nikampa Mhandisi utando. "Huu ni wangu," nikasema. "Niliuacha humo tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu."

6 Aprili
Nimerudi nyuma kurasa na kusoma siku ile. Nimeiandika mwenyewe, mistari michache, pamoja na neno "sawa". Mhandisi alitaka kujua nina uhakika gani wa tarehe, nikamwonyesha. Alisoma ukurasa ule tu, akanirudishia.

7 Aprili
Nyayo nyingine zote za msimu huu, kumi na tisa, zinarudishwa. Simu zinapigwa tangu asubuhi. Watu wanakuja kwa mikongojo kwenye matope, wengine wanatutukana. Kila anayevua mguu wake namwambia mimi mwenyewe kilichotokea. Dada anakaa pembeni yangu, naye anawaeleza la kwake.

11 Aprili
Kumi na tano ni nzima. Nne zina viputo, vidogo vidogo, vya siku zile za jasho. Mhandisi alizigonga kwa sarafu ya Dada, mimi nikisikiliza. Nimejua ting ni nini. Miaka sita nilikuwa naisikia bila kuisikiliza.

15 Aprili
Dada amepimwa masikio. La kushoto limekwenda, la kulia limebaki kiasi. Tulipofika nyumbani nilihamisha vitu vyangu chumba cha nyuma. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Kesho." Akacheka mpaka akashika mlango.

22 Aprili
Mhandisi ametuita wote wawili. Nilijua tunamwaga unga pamoja, nikavaa nguo nzuri. Alisema kosa langu lilipita kwa sababu ukaguzi wetu wote ulisimama kwenye sikio moja na hesabu moja, na aliyepanga hivyo ni yeye. Kuanzia sasa mashine inakandamiza kila unyayo kidogo kabla haujatoka. Utando utakuwa mwekundu. Namba zinasomwa, hazihesabiwi tu, na anayezisoma asiwe yule aliyezivua.

"Nani atazisoma?" nikauliza.

"Mama Sikio ana macho," alisema. Kisha akaona haya. "Samahani. Jina hilo."

"Liache," alisema Dada. "Nimelizoea."

30 Aprili
Sabini na tisa. Nyayo mbili. Zimesomwa.

9 Mei
Mvua imekwisha. Sitini na sita. Asubuhi nimepanga unyayo mpya wa Nesi. Alikuja mwenyewe, akaomba kuangalia tangu mwanzo, akakaa kwenye benchi na mkongojo wake bila mzaha hata mmoja. Roli lililala nje ya friza tangu jana, kwenye mfuko wake, kavu kabisa.

Nilipomaliza tabaka la ishirini na nne Dada alivuta ndoo, akazipanga tando nyekundu mezani moja moja, akisoma kwa sauti ili Nesi asikie. Moja. Mbili. Tatu. Nilikuwa nyuma yake nafuta mikono. Tisa. Kumi. Akapekua ndoo, akapekua tena.

"Wa kumi na moja uko wapi?"

Nesi akainuka kutoka kwenye benchi.

Niliutazama mkono wangu. Utando ulikuwa umeganda kwenye kiganja changu kwa gundi, mzima, pembe zake zote nne. Nikafungua mdomo kumjibu pale pale nilipo, nyuma yake, nikakumbuka. Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake mpaka aliponitazama.

"Huu hapa, Dada."

Akaupokea, akaunyoosha mezani kwa kiganja, akausoma. Kisha akaendelea na kumi na mbili.